Jinsi ya Kuingia Sri Dalada Maligawa, Kandy: Saa, Sadaka na Adabu za Nyumba ya Jino

Wageni wengi wanaofika Sri Dalada Maligawa, hekalu la Jino la Buddha mjini Kandy, Sri Lanka, hupiga picha za paa la dhahabu, huzunguka ua, hupanda ghorofani na kukuta mlango wa ndani umefungwa. Wamekuja kama watu waendao makumbusho. Maligawa ni nyumba yenye mwenyewe. Jino linaloaminiwa kuwa la Buddha limewekwa ghorofani, na kila siku linahudumiwa kama mfalme aliye hai: linaamshwa kwa ngoma, linapelekewa maji ya kunawa, linaandaliwa chakula, linapewa tambuu, kisha mlango unafungwa lipumzike. Huduma hiyo huitwa thevava. Ukiijua ratiba yake utajua saa ya kufika, cha kubeba, mahali pa kusimama, na kwa nini sahani ya wali inayopokewa saa nne asubuhi haina kazi ikiletwa saa saba mchana.

Historia fupi itakusaidia kuelewa heshima hii ya kifalme. Masimulizi ya Wasinhala yanasema jino lililetwa kutoka Kalinga, India, katika karne ya 4, likiwa limefichwa kwenye nywele za binti mfalme Hemamala. Tangu hapo lilihama pamoja na mji mkuu, kutoka Anuradhapura hadi Polonnaruwa na miji mingine, mpaka likafika Kandy mwishoni mwa karne ya 16. Aliyekuwa na jino ndiye aliyehesabiwa kuwa na haki ya kutawala. Mfalme Wimaladharmasuriya wa Kwanza alilijengea nyumba Kandy. Jengo kuu unaloliona leo kwa sehemu kubwa ni la mfalme Narendrasinha, mwanzoni mwa karne ya 18. Mnara wenye pembe nane uliopo mbele, unaoitwa Paththirippuwa, na ziwa lililo pembeni ni kazi ya mfalme wa mwisho, Sri Wickrama Rajasinha. Waingereza walimng'oa mwaka 1815. Ufalme ukafa, lakini utumishi wa ndani ya nyumba ukaendelea.

Saa tatu za kujipangia

Thevava ni tatu kwa siku: alfajiri saa 11:30, asubuhi karibu saa 3:30, na jioni saa 12:30. Saa hizi ni za Kiswahili. Kwenye vibao na simu utaona 5:30, 9:30 na 18:30. Siku za sikukuu hubadilika kidogo, kwa hiyo ulizia ofisi ya hekalu au mwenye nyumba ya wageni jioni ya kuamkia siku yako.

Ya alfajiri ndiyo bora. Watalii ni wachache, mawe ya uani bado ni baridi chini ya nyayo, na waliopo wengi ni wenyeji waliovaa nyeupe na kubeba maua, wanaotaka kusali kabla ya kwenda kazini. Ya asubuhi ndiyo yenye mlo kamili. Ya jioni ina watu wengi kupita zote, na sadaka yake ni tofauti: mtawa wa Kibudha wa desturi hii hali chakula kigumu baada ya saa sita mchana, na jino linafuata kanuni hiyohiyo. Jioni hupelekewa vinywaji na tambuu tu.

Fika dakika 40 hadi 60 kabla. Muda huo huliwa na ukaguzi, foleni ya viatu, tiketi na maua. Ukaguzi ni mkali kwa sababu ya kweli: tarehe 25 Januari 1998 lori la mabomu lililipuliwa mbele ya lango, watu wakafa na sehemu ya mbele ya jengo ikabomoka. Usibishane na askari wa lango. Acha hotelini begi kubwa na vifaa vya umeme usivyohitaji, utapita haraka zaidi. Wageni kutoka nje hulipa kiingilio, na bei hupanda mara kwa mara, hivyo usitegemee uliyosoma mwaka jana. Tiketi nunua dirishani tu. Kando ya ziwa kuna watu watakaokuambia hekalu limefungwa leo, au kuna "sherehe maalumu" ambayo bajaji yao pekee ndiyo inayoijua. Endelea kutembea. Kutoka stesheni ya treni hadi langoni ni mwendo wa dakika 20 hadi 25 kwa miguu.

Mavazi

Mabega na magoti yafunikwe, kwa wanaume na wanawake. Nyeupe ndiyo rangi ya ibada, na hata fulana nyeupe ya kawaida itakutofautisha na mtalii wa kupita. Kanga au kitenge kilichofungwa kiunoni hadi chini kinatosha kabisa, na ni bora kuliko vitambaa vya kukodi vya pale nje. Nguo ya kubana au inayoonyesha mwili haitakubaliwa hata kama ni ndefu. Kofia na viatu vinaachwa nje. Sehemu ya viatu ipo karibu na mlango, na mtunzaji hupewa kiasi kidogo wakati wa kuchukua.

Kama una chale (tatuu) ya Buddha mwilini, ifunike kabla hujashuka uwanja wa ndege. Mwaka 2014 mtalii Mwingereza alirudishwa kwao kwa sababu ya chale ya namna hiyo mkononi. Kupiga picha ukiwa umeipa sanamu ya Buddha mgongo nalo ni kosa linalochukuliwa kwa uzito. Ukitaka picha na sanamu, simama ubavuni mwake, au piga sanamu peke yake.

Maua: namna ya kuyachagua na kuyatoa

Hapa ndipo mgeni anaweza kushiriki bila kujifunza chochote kigumu, na ndipo makosa madogo mengi hutokea.

Wauza maua wako barabarani kabla ya lango. Utaona yungiyungi za buluu, ambazo ni ua la taifa, maua makubwa ya lotasi ya waridi na meupe, na sinia za asumini na maua mengine meupe ya miti. Ua la lotasi linauzwa likiwa bado tumba, limefumba. Mwuzaji hulifungua kwa vidole, petali moja moja kuanzia za nje, akizikunjia chini bila kuzivunja. Ukilazimisha kuanzia katikati, zitachanika na kugeuka kahawia baada ya nusu saa. Chagua lenye petali ngumu zisizo na madoa ya hudhurungi kwenye ncha. Lililolegea shingoni limekaa tangu jana. Maua matano hadi saba yanatosha mtu mmoja. Familia nzima inaweza kuchangia sinia moja.

Usiyanuse. Harufu ni sehemu ya sadaka, na ukishainusa umejihudumia wewe kwanza. Yanyunyizie maji kabla ya kupanda. Mwuzaji mwenyewe mara nyingi atakufanyia. Yabebe kwa mikono miwili, juu ya kiuno. Ukikuta mtu usiyemjua ananyoosha vidole na kugusa sinia yako kidogo kabla hujaiweka, usiivute. Anaomba kushirikiana nawe katika thawabu, na desturi ni kumkubalia. Wewe pia unaweza kugusa ya mwenzako.

Meza ya maua iko ghorofani, mbele ya mlango wa chumba cha jino, na foleni hupita kando yake. Weka maua yakitazama juu, vikonyo kuelekea kwako, kisha sogea. Wabudha husema aya ya Kipali, lugha ya maandiko yao, wanapoyaweka, yenye maana kwamba kama ua hili linavyonyauka, ndivyo mwili huu unavyoelekea kuharibika. Ndiyo maana hakuna anayesikitika wafanyakazi wa hekalu wanapoyazoa maua yakiwa bado mazuri ili kupisha ya wengine. Usijaribu kuyapanga upya ili picha yako ipendeze, na usiondoke na ua kutoka mezani kama kumbukumbu.

Foleni ya ghorofani

Ngoma hupigwa chini, katika ukumbi wa wapiga ngoma. Utasikia davula, ambayo upande mmoja hupigwa kwa fimbo na mwingine kwa kiganja. Tammattama, ngoma mbili ndogo zilizofungwa pamoja, zinazopigwa kwa fimbo mbili. Geta beraya, ngoma ndefu ya Kandy ya kupigwa kwa mikono mitupu. Na juu yake horanewa, ambayo mtu wa Pwani ataitambua mara moja kuwa ni ndugu wa zumari. Sauti inajaza jengo lote, na watu husahau kusogea.

Hapo ndipo wengi hupoteza nafasi. Wanabaki chini wakirekodi wapiga ngoma, na wanapopanda foleni imeshajaa ngazi. Amua mapema. Kama unataka kuona kasha la jino, panda kabla ya ngoma kuanza na ukae kwenye mstari. Kama unataka muziki, baki chini na uridhike. Kwa aliye na siku mbili Kandy, jioni moja iwe ya ngoma na alfajiri inayofuata iwe ya ghorofani.

Unachokiona mlango ukifunguliwa ni kasha la dhahabu lenye umbo la kengele, limevishwa vito, na ndani yake yamo makasha mengine madogo. Jino lenyewe halionekani. Hutolewa kwa umma mara chache sana: Aprili 2025 lilionyeshwa kwa siku kumi, baada ya miaka 16, na mahujaji walilala barabarani wakingoja zamu. Katika siku ya kawaida una sekunde chache tu mbele ya uwazi. Viganja pamoja kifuani au kwenye paji la uso, inama, ondoka upande unaoelekezwa. Usisimame kutafuta simu mfukoni. Nyuma yako kuna bibi kizee aliyesafiri usiku kucha.

Kama wewe si Mbudha, hakuna atakayekulazimisha kuinama wala kusema neno. Mwislamu au Mkristo anaweza kupita kimya, mikono ikiwa imetulia mbele, na hatahesabiwa kuwa amekosa adabu. Kinachokera ni kusimama wima katikati ya watu walioketi. Ukumbini watu huketi sakafuni. Kaa pembeni, miguu uikunje upande, nyayo zisielekee kwenye mlango wa jino wala kwa mtawa.

Jumatano asubuhi

Thevava ya asubuhi ya Jumatano ina nyongeza iitwayo Nanumura Mangallaya, yaani uogeshaji. Kioo huwekwa mbele ya kasha, na kinachoogeshwa ni taswira iliyo ndani ya kioo, kwa maji yaliyotiwa mitishamba na maua yenye harufu. Maji hayo baadaye hugawiwa waliohudhuria, na wenyeji huamini yana tiba. Beba chupa ndogo safi yenye kifuniko. Chupa ya lita moja inaonekana kama tamaa, na hutajaziwa. Ukipewa kiganjani, pokea kwa mkono wa kulia ukiwa umeushika kwa kushoto chini yake.

Taa za mafuta ya nazi

Taa huwashwa nje, mahali maalumu palipotengwa, kwa sababu moshi huharibu michoro ya kuta na dari. Kitaa cha udongo, mafuta ya nazi na utambi wa pamba huuzwa palepale. Ukitengeneza mwenyewe, loweka vitaa vya udongo katika maji kwa saa mbili, kisha vikaushe kabisa juani. Udongo mkavu ambao haujalowekwa hunywa mafuta na taa hufa mapema, na uliobaki na maji huitatarikisha taa na kurusha mafuta. Sokota pamba iwe na unene wa njiti mbili za kiberiti, uichovye yote kwenye mafuta, kisha acha ncha ya nusu sentimita tu juu ya ukingo. Ncha ndefu hutoa masizi. Usiwashe taa yako kwa kuinamisha taa ya mtu mwingine. Chukua moto kwa utambi au njiti. Taa ikizimwa na upepo, iwashe tena bila wasiwasi.

Nani anafanya kazi hii yote

Watawa wanaohudumia jino hutoka katika matawi mawili makubwa, Malwatta na Asgiriya, yanayopokezana zamu ya mwaka mmoja mmoja. Msimamizi wa mambo ya dunia ni mlei, Diyawadana Nilame, anayechaguliwa kwa muhula wa miaka kumi. Chini yao kuna mamia ya watu ambao mgeni hawaoni: wapishi, wapiga ngoma, waleta mafuta, wabeba mienge, wachunga tembo.

Wengi wao hawakuomba kazi kwa barua. Hekalu lina mashamba na vijiji, kwa utaratibu unaokaribiana na wa wakfu, na familia iliyopewa shamba la mpunga ilipokea pamoja nalo wajibu: huyu apige ngoma siku kadhaa kwa mwaka, yule alete mafuta, mwingine achonge au atengeneze. Sheria ya Waingereza ya mwaka 1870 iliruhusu wajibu huo kulipwa kwa fedha, lakini familia nyingi ziliendelea kuutimiza kwa mikono. Kwa hiyo mpiga ngoma unayemrekodi huenda anatimiza zamu ya babu wa babu yake. Usimpe fedha mkononi akiwa kazini. Kama unataka kuchangia, weka kwenye sanduku la hekalu, au nenda ofisini udhamini sehemu ya sadaka ya siku na uchukue risiti. Yeyote anayekukimbilia na daftari la michango nje ya ofisi, mwache.

Mwezi Januari unaweza kuona uhusiano huu waziwazi katika sikukuu ya mchele mpya, Alut Sahal Mangallaya: mpunga wa kwanza kutoka mashamba ya hekalu huletwa kwa maandamano, na jino linalishwa kabla watu hawajala.

Kuwapikia watawa: dana

Kulisha watawa ndiyo njia ya kawaida kabisa ambayo familia za Kandy hushirikiana na hekalu: mtoto akizaliwa, mtu akifa, siku ya saba, miezi mitatu, mwaka. Mgeni aliyealikwa na familia anaweza kuchangia chungu kimoja. Kanuni kuu ni saa. Mlo wa mchana lazima uwe umeliwa kabla ya saa sita, kwa hiyo chakula kiwe mezani saa tano. Foleni ya magari Kandy ni mbaya. Ondoka nyumbani saa moja na nusu kabla. Chakula kikifika saa sita na robo, watawa hawatakigusa, na si kwa ukali.

Asubuhi, mlo unaopendwa ni kiribath, wali wa tui. Mpishi wa Pwani atadhani anaujua, kisha ataharibu kwa kutumia mchele wa pilau. Chukua vikombe 2 vya mchele mweupe wa punje fupi unaoshikana, vikombe 3 vya maji, kikombe 1 na nusu cha tui zito la kwanza, na kijiko 1 cha chai cha chumvi. Osha mchele, uchemshe kwa maji peke yake hadi uive na maji yakauke, hata ulainike kuliko unavyopenda. Ndipo uchanganye chumvi kwenye tui na kulimimina. Punguza moto kabisa, funika, na ukoroge mara mbilitatu kwa mwiko wa mti kwa dakika 8 hadi 10 mpaka tui liingie lote. Tui likitiwa tangu mwanzo hukatika na kushika chini kabla punje hazijaiva. Mimina kwenye sinia, usawazishe kwa kipande cha jani la mgomba hadi unene wa sentimita 3, acha upoe dakika 10, kisha kata vipande vya umbo la almasi kwa kisu kilicholoweshwa. Ukikata ukiwa wa moto, kingo zitaporomoka. Watawa hutengewa kwanza. Wapishi hawaonji kabla.

Pamoja na chakula hutolewa ata pirikara, vitu vinane vya mtawa: mavazi matatu, bakuli, wembe, sindano na uzi, mshipi, na chujio la maji. Maduka huviuza vikiwa vimefungwa tayari kwa plastiki ya kung'aa. Fungua uangalie. Vifurushi vya bei ndogo mara nyingi huwa na kitambaa cha polyesta chembamba, kifupi kwa mtu mzima, ambacho mtawa hawezi kukivaa na huishia kurundikana kabatini. Afadhali vazi moja zuri la pamba kuliko kifurushi kizima cha mapambo. Na ni afadhali zaidi kuuliza: pengine nyumba ya watawa ina mavazi tele lakini haina sabuni, dawa wala vitabu vya wanafunzi wadogo.

Mtawa humpi mkono wa salamu wala humgusi bega. Viganja pamoja, kichwa chini, inatosha. Kiti chake kiwe juu kuliko chako.

Siku za poya

Kila mwezi mpevu ni poya, na Sri Lanka nzima hupumzika. Pombe haiuzwi, bucha zimefungwa. Watu wengi huvaa nyeupe na kushika amri nane kwa siku nzima, wakikaa hekaluni na kusikiliza mawaidha. Maligawa hufurika, mgeni anayetaka utulivu aepuke siku hizi, na anayetaka kuona mji ukiwa ndani ya hekalu lake azichague.

Poya ya Vesak, mwezi Mei, ina dansala: vibanda vya chakula cha bure vinavyofunguliwa na vijana wa mtaa, wenye maduka, hata wafanyakazi wa stendi. Hutolewa wali na mchuzi, dengu, muhogo wa kuchemsha, aiskrimu, sharubati. Ni cha kila mtu, mgeni, tajiri au wa dini nyingine. Panga foleni kama wengine, kula palepale, rudisha sahani, na usitoe hela, maana kumlipa mtu anayetoa dana ni kumnyang'anya alichokuja kukipata.

Perahera: usiku kumi wa Esala

Kila mwaka kati ya Julai na Agosti hufanyika maandamano makubwa, Esala Perahera. Tarehe hufuata mwezi mwandamo na hutangazwa na hekalu, hivyo usinunue tiketi ya ndege kwa kukisia. Yanaanza kimyakimya kwa kusimika vigingi vya mti uliobarikiwa katika nyumba nne za miungu walinzi: Natha, Vishnu, Kataragama na Pattini. Baada ya siku tano za ndani, zinafuata usiku tano za Kumbal Perahera, kisha usiku tano za Randoli Perahera, na mwishowe ukataji wa maji, yaani ibada ya kuyakata maji ya mto kwa upanga, alfajiri katika mto Mahaweli, eneo la Getambe, na maandamano ya mchana.

Zamani yalikuwa ya miungu tu. Mwaka 1753 watawa kutoka Siam (Thailand ya leo) walifika Kandy kufufua upadirisho wa watawa, na ni katika utawala wa mfalme Kirti Sri Rajasinha ndipo jino lilipowekwa mbele ya wote. Jino lenyewe halitoki nyumbani. Kasha hubebwa na tembo dume mwenye pembe ndefu, akitandikiwa kitambaa cheupe ili asikanyage lami tupu. Tembo maarufu kuliko wote, Raja, alifanya kazi hiyo kwa miongo kadhaa hadi alipokufa mwaka 1988, na mwili wake uliohifadhiwa upo katika jumba lake ndani ya eneo la hekalu.

Ukijua mpangilio hutapotea. Mbele kabisa ni wapiga mijeledi, ambao mlio wao husafisha njia na huwakilisha radi. Wanafuata wachezea moto, wabeba bendera, kisha ofisa juu ya tembo akiwa na hati ya majani ya mtende inayoorodhesha wajibu wa kila familia. Baadaye ngoma, wachezaji wa Kandy, msimamizi wa tembo, tembo mwenye kasha, na nyuma yake Diyawadana Nilame katika vazi lake la kifalme. Ndipo zinakuja nyumba nne kwa zamu, na ya mwisho, ya Pattini, ndiyo yenye wachezaji wanawake. Zamani mwanga wote ulitokana na mienge, na mienge bado ipo: vikapu vya chuma juu ya miti, vikichochewa kwa mbata. Mbata ndiyo hasa, nazi kavu ileile ya Mafia na Lamu. Mafuta yaliyomo huifanya iwake muda mrefu bila kuhitaji kumiminiwa chochote, na wabeba mienge hutembea wakiongezewa vipande na wenzao wanaobeba magunia.

Ushauri wetu kwa anayekuja mara ya kwanza ni Kumbal ya tatu au ya nne. Maandamano ni mafupi kidogo, lakini unaweza kupata nafasi kando ya barabara ukifika saa tisa alasiri. Randoli ya mwisho ndiyo kubwa kuliko zote, na watu huketi tangu asubuhi. Ukienda chooni nafasi imekwenda. Viti vya kulipia kwenye maduka na hoteli hupanda bei kila usiku unavyosogea. Kabla ya kulipa, nenda mchana ukakalie kiti hichohicho, uone kama kuna nguzo au hema mbele yake.

Beba mkeka, maji, kitu kikavu cha kula, na koti la mvua la kuvaa. Mwavuli ukifunguliwa utazomewa, kwani walio nyuma hawaoni. Usimulike tembo kwa taa ya kamera, usinyooshe mkono kumgusa, na usivuke barabara kati ya kundi na kundi hata kama pameonekana pengo. Tembo hutembea watatu sambamba na hujaza njia yote. Watoto wadogo waketi nyuma ya mtu mzima, mbali na cheche za mbata, ambazo hurushwa na upepo na kutoboa nguo za nailoni. Vaa pamba. Barabara za katikati hufungwa mapema na hufunguliwa taratibu, kwa hiyo lala mahali unapoweza kurudi kwa miguu.

Aliye Afrika Mashariki na hana safari ya Kandy anaweza kuanzia Dar es Salaam, ambako Wasinhala waliofika kufanya kazi walijenga hekalu katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Desturi ni zilezile: viatu nje, nguo nyeupe, maua yasiyonuswa, chakula kabla ya saa sita. Piga simu siku mbili kabla kama unataka kuleta mlo, uulize watawa ni wangapi na kama familia nyingine haijachukua siku hiyo, kwa sababu jumuiya ni ndogo na siku za poya hugawanywa mapema.